Tangi Jipya la Maji ya Bahari Likivamiwa na Vimelea

Madoa meupe huanza kuonekana kwenye mapezi. Jioni, taa za tangi zikiwa bado zinawaka, unaona vitone kama punje za chumvi: vitano au sita kwenye pezi la mkia, viwili ubavuni. Baada ya siku tatu au nne vyote vimetoweka. Samaki anakula vizuri, rangi imemrudia, na mwenye tangi anashusha pumzi akijua ugonjwa umepita. Haipiti wiki mbili, samaki yuleyule amejaa madoa kuanzia mdomoni hadi mkiani, wenzake wanajikuna kwenye mawe, na mmoja ameganda mbele ya pampu akihema kwa kasi.

Makala hii ni ya mtu aliyefikwa na hali hiyo leo, na pia ya yule ambaye ndiyo kwanza ananunua tangi na bado ana nafasi ya kuikwepa. Msimamo wangu nausema mapema: vimelea vya samaki wa bahari havitibiwi ndani ya tangi lenye mawe, mchanga na matumbawe. Samaki hutolewa wakatibiwe pembeni, na tangi likabaki bila samaki hata mmoja mpaka vimelea vife kwa njaa. Ni kazi ya miezi miwili na zaidi. Najua inakatisha tamaa kwa mtu aliyetumia fedha nyingi na anatamani kuona samaki wake wakiogelea sebuleni, lakini njia za mkato ninazozijua zimeua samaki wengi kuliko ugonjwa wenyewe.

Sababu iko katika maisha ya kimelea. Madoa yale huletwa na kiumbe cha seli moja kiitwacho Cryptocaryon irritans, jina kilichopewa mwaka 1951. Unapoona doa, kimelea kimeshaingia chini ya tabaka la juu la ngozi na kinajilisha humo, kimefunikwa, dawa iliyomo majini haikifikii. Hukaa hapo siku 3 hadi 7. Kikishiba kinajichomoa, mara nyingi gizani kuelekea alfajiri, kinatambaa chini kwa saa kadhaa, kisha kinajibandika kwenye mchanga, kwenye jiwe, kwenye kioo, hata kwenye gamba la konokono, na kujifungia ndani ya kifuko kigumu. Humo kinagawanyika tena na tena. Kifuko kikipasuka hutoka vimelea vichanga vinavyoweza kufika 200, na kila kimoja kinaogelea kutafuta samaki. Kisipompata ndani ya siku moja au mbili, kinakufa.

Kwa hiyo madoa 10 uliyoyaona Ijumaa yanaweza kuwa vichanga 2,000 majini. Baharini hilo si balaa kubwa. Kichanga kilichotoka kwenye mwamba wa Diani au Mafia kina muda huo mfupi tu wa kumpata samaki katika maji yasiyo na mwisho, na samaki mwenyewe keshaondoka pale alipolala jana. Ndani ya tangi la lita 200 samaki hana pa kwenda. Analala usiku uleule kwenye pango lilelile, juu ya mchanga uleule vinakopasukia vifuko. Ndiyo maana samaki aliyekuwa na vimelea viwili vitatu kwenye mwamba, bila shida yoyote, anakufa navyo nyumbani kwako.

Tangi jipya lina udhaifu wake wa ziada. Bakteria wanaokula amonia bado hawajazoea mzigo, kiwango cha chumvi kinapanda kila maji yanapokauka kwa joto, na mwenye tangi, kwa hamu, amenunua samaki watano siku moja. Samaki hao wamesafiri. Wengi wa wale wa Bahari ya Hindi hukamatwa na wapiga mbizi, pwani ya Kenya ikiwemo, wakawekwa kwenye matangi ya pamoja, wakafungwa kwenye mifuko ya plastiki, wakapandishwa ndege au gari, kisha wakaingia dukani wanakochangia maji na samaki waliotoka bahari nyingine kabisa. Atakayekufikia amechoka, hajala sawasawa, na huenda amebeba wageni.

Kabla ya kushika dawa, jua unapambana na nani, kwa sababu vimelea vinatofautiana kwa kasi ya kuua. Madoa meupe yanayohesabika, samaki akiwa bado anakula, huwa ni huyo niliyemweleza, na hapo una siku kadhaa za kujipanga. Cha kuogopwa zaidi ni Amyloodinium. Huyu hushambulia matamvua kwanza, hivyo samaki anaweza kufa ngozi ikiwa safi kabisa. Dalili zake ni kuhema haraka, kuacha kula ghafla, kukimbia mwanga, na kujisogeza kwenye mkondo wa pampu au juu ya maji penye hewa. Ukimmulika kwa tochi kwa pembeni, taa za tangi zikiwa zimezimwa, unaweza kuona utando wa vumbi la rangi ya dhahabu iliyofifia, laini mno kiasi kwamba vitone havihesabiki. Ukiona hivyo usisubiri kesho. Tangi zima linaweza kumalizika ndani ya siku mbili.

Samaki klauni, hasa aliyevuliwa baharini, ana adui wake maalumu, Brooklynella hostilis. Anatoa ute mzito mweupe unaochunika mapandemapande, kama ngozi inabambuka. Kimelea hiki hakijifungii kwenye kifuko. Kinagawanyika palepale juu ya samaki, ndiyo sababu kinaenda mbio. Shaba haikiwezi, fomalini ndiyo dawa yake. Halafu kuna minyoo bapa ya ngozi na matamvua. Samaki mwenye minyoo hiyo hutikisa kichwa, hujikuna, na macho yake hufanya ukungu, lakini huoni doa lolote, kwa sababu mnyoo mwenyewe ni mwangavu.

Kwa minyoo hiyo kuna kipimo rahisi ambacho kila mwenye tangi ajifunze. Chukua ndoo safi ya rangi nyeusi, jaza maji yasiyo na chumvi yaliyoondolewa klorini, hakikisha joto lake ni sawa na la tangi, tia soda kidogo ya kuokea ili maji yasiwe na asidi, na weka jiwe la hewa kwa nusu saa. Mtie samaki kwa dakika tano, ukiwa umesimama hapohapo unamwangalia. Dakika ya kwanza anaweza kulala ubavu. Wengi hutulia wenyewe, na akizidi kuhangaika mrudishe kwenye maji yake. Mnyoo hauvumilii maji yasiyo na chumvi: unageuka mweupe, unaachia, unadondoka. Ukimtoa samaki, inamisha ndoo uangalie chini. Vipande vyeupe vyenye umbo la yai, baadhi vikubwa kama ufuta, ndio jibu lako. Tiba yake ni prazikwanteli, dawa ileile ambayo watoto wetu humezeshwa shuleni dhidi ya kichocho, kwa kipimo cha miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita, na inarudiwa baada ya siku tano hadi saba kwa sababu haiui mayai. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki. Kidonge cha binadamu kina viungo vingine, na huwezi kujua ni kiasi gani cha dawa kimeyeyuka majini.

Sasa hospitali. Usitishwe na neno hilo. Unahitaji tangi tupu la lita 40 hadi 80 kwa samaki wadogo, hita kama chumba kina kiyoyozi, pampu ya hewa, kichujio cha sifongo, na vipande vya bomba la plastiki la maji ambamo samaki watajificha. Mchanga usiweke, mawe usiweke. Mawe na mchanga wa chokaa hunyonya shaba, nawe ukipima leo utapata kipimo kimoja na kesho kingine. Liweke mita tatu au zaidi kutoka tangi kuu, kwani imeonekana kuwa Amyloodinium husafiri hata kwenye matone madogo yanayorushwa na mapovu. Wavu wake uwe wake, bomba la kunyonyea maji liwe lake, na mikono ioshwe na kukaushwa kabla ya kugusa upande wa pili.

Adui mkubwa wa hospitali ni amonia kuliko kimelea. Tangi halina bakteria, samaki wanakula na kunya, na ndani ya siku mbili maji yanaweza kuwa sumu. Ukiwa na kichujio cha sifongo kilichokaa wiki kadhaa ndani ya tangi kuu kabla ya ugonjwa kuingia, hicho ni mali. Kama huna, pima amonia kila siku na ubadilishe maji hata nusu ya tangi inapobidi, ukirudishia dawa kwenye maji mapya kwa kipimo kilekile. Lisha kidogo. Kuwa mwangalifu na zile kemikali za kufunga amonia: baadhi yao zikikutana na shaba huifanya iwe kali kuliko ulivyokusudia.

Shaba ndiyo tiba iliyozoeleka dhidi ya Cryptocaryon na Amyloodinium, na inahitaji heshima. Inaua vichanga vinavyoogelea, haigusi kimelea kilicho chini ya ngozi wala kilicho ndani ya kifuko. Maana yake kipimo kikishuka hata kwa usiku mmoja, vichanga vinapata mwanya na hesabu inaanza upya. Zipo aina mbili madukani, na kuzichanganya ni hatari. Shaba huria hufanya kazi kwenye miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Shaba iliyofungwa na kemikali nyingine huhitaji karibu miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita, mara kumi na zaidi. Mtu akisoma kipimo cha aina moja na kumimina nyingine, ama ameua samaki wote ama hajatibu chochote. Soma chupa, nunua kipimio kinachoendana na aina hiyo, pandisha dawa taratibu kwa siku mbili tatu ikiwa ni madoa ya kawaida, na ushikilie kiwango kwa wiki nne. Kwa Amyloodinium huna siku tatu. Samaki hupewa lile josho la dakika tano la maji yasiyo na chumvi, kisha huingia moja kwa moja kwenye maji yenye dawa, na kwa kasi hiyo aina iliyofungwa ni salama zaidi. Mikunga, bunju na samaki wengine wasio na magamba ya kawaida huumizwa na shaba kwa urahisi, hivyo watafutie njia nyingine.

Njia ninayoipenda zaidi kwa madoa meupe haitumii dawa kabisa. Kimelea kikiacha samaki kinahitaji siku zisizopungua tatu ndani ya kifuko kabla ya kupasuka. Basi mhamishe samaki kila baada ya saa 72 kutoka tangi moja hadi jingine lililokauka kabisa na kujazwa maji mapya. Vimelea vyote vinavyodondoka vinaachwa nyuma. Baada ya uhamisho wa nne, siku ya 12, samaki amebaki safi. Unahitaji ndoo au matangi mawili, pampu mbili za hewa, na maji ya chumvi ya kutosha, vitu ambavyo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anavipata bila kuagiza kemikali kutoka nje. Amonia haipati muda wa kupanda. Vyombo vinavyotoka kazini vioshwe na vianikwe vikauke kwa saa 24. Na ratiba hiyo ifuatwe kwa saa, siyo kwa kukadiria. Ila njia hii haifai kwa Amyloodinium wala Brooklynella.

Kushusha chumvi pia kunafanya kazi dhidi ya madoa meupe: maji yanateremshwa polepole hadi uzito mahususi wa 1.009 na kushikiliwa hapo wiki nne. Inahitaji refraktomita iliyosawazishwa vizuri, kwa sababu 1.011 haitoshi, na zipo aina za kimelea zilizoonekana kuivumilia. Kwa Amyloodinium, usijaribu. Klorokwini nayo hutumika, na wasomaji wenye umri wanaikumbuka kama dawa ya malaria hadi Tanzania ilipoachana nayo mwaka 2001. Ni nzuri dhidi ya vimelea kadhaa, lakini iliyo safi ni ngumu kupatikana na haina kipimio cha nyumbani, kwa hiyo simshauri anayeanza.

Wakati samaki wako hospitalini, tangi kuu linaendelea na maisha. Konokono, kamba, kaa na matumbawe wanabaki, na wanalishwa. Vimelea hivi haviwezi kuishi kwa kuwala hao. Vifuko vingi hupasuka kati ya siku 3 na 28, lakini maabara imewahi kushuhudia kimoja kikikaa hadi siku 72, na hapo ndipo wafugaji walipopata desturi ya kuacha tangi bila samaki kwa siku 76. Joto husaidia, kwani maji ya nyuzi 27 au 28, ambayo kwetu pwani huyapata bila hita, huharakisha kupasuka. Kwenye maji ya nyuzi 12 vifuko vimeonekana kusinzia kwa miezi kadhaa kisha vikaamka. Wapo wanaokatisha muda kwenye siku 45 wakitegemea joto. Mimi nashauri 76. Samaki mmoja uliyeshindwa kumnasa akabaki amejificha nyuma ya jiwe anafuta kazi yote, hivyo ondoa mawe ikibidi, mpate, ndipo uanze kuhesabu.

Hapa ndipo duka litakapokuuzia kitu. Zipo chupa zinazoandikwa kuwa zinaua vimelea bila kudhuru matumbawe. Fikiria mwenyewe: kimelea cha seli moja kinachojifungia kwenye kifuko ni kigumu kuliko matumbawe laini unayotaka kuyalinda. Kitunguu saumu kwenye chakula kinaweza kumfanya samaki ale, na kula ni jambo jema, ila hakiui chochote. Kamba msafishaji na yule samaki mdogo mwenye mstari mweusi anayesafisha wenzake hawawezi kuchomoa kilicho chini ya ngozi. Taa ya miale ya urujuanimno inapunguza vichanga vinavyopita ndani yake, navyo vingine vinapita pembeni. Ushauri wa kupandisha joto umetoka kwa wafugaji wa samaki wa maji baridi, ambao ugonjwa wao wa madoa unatokana na kimelea kingine. Baharini joto linaongeza kasi ya mzunguko tu na kupunguza oksijeni majini, wakati matamvua yameshaharibika.

Linalochanganya wengi ni kwamba samaki akiokoka bila tiba hupata kinga kiasi, inayoweza kudumu hadi miezi sita hivi. Tangi linaonekana limepona. Kisha unaongeza kangaja buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la manjano, samaki wa Bahari ya Hindi ambaye hushikwa na madoa mapema kuliko karibu wote. Ndani ya siku kumi amekufa, na lawama zinamwangukia muuzaji. Vimelea vilikuwemo muda wote kwenye matamvua ya wenyeji.

Kwa anayeanza, basi, fedha za kwanza zitumike kwenye tangi la pili. Kila samaki mpya akae humo wiki nne, hata kama anaonekana mzima na hata kama umempata kwa rafiki. Konokono, matumbawe na mawe yenye unyevu nayo yanaweza kubeba vifuko, kwa hiyo yatengwe kwenye chombo kisicho na samaki kwa muda uleule wa siku 76, au uyaingize kabla tangi halijapata samaki, kisha usubiri. Ukitumia maji ya bahari, chota wakati maji yamejaa, mbali na mdomo wa mto na bandari, yachuje kwa kitambaa kizito, na yakae kwenye pipa lililofunikwa kwa wiki kadhaa. Anayetaka kuyatumia mapema ayatie klorini, aiondoe kwa dawa yake, kisha apime kuhakikisha haikubaki.

Umeme ukikatika, samaki mwenye vimelea kwenye matamvua ndiye wa kwanza kufa. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwe karibu na tangi la hospitali kila wakati, betri zake zikiwa zimejaribiwa.

Siku 76 zikitimia, pima amonia na naitraiti kwenye tangi kuu kabla ya kurudisha yeyote. Bakteria waliokuwa wakila uchafu wa samaki watano wamepungua kulingana na chakula kilichokuwepo. Rudisha mmoja au wawili, anza na walio wapole, subiri wiki moja ukipima, kisha ongeza. Mwenye ubabe wa eneo aingie mwisho. Maji ya hospitali yasimwagwe ndani ya tangi kuu hata kikombe kimoja, na wavu uliotumika kule ubaki kule.